Chambo cha Samaki Asiyekula

Samoni wa Atlantiki akishaiacha bahari na kuingia mtoni, hali tena. Atakaa humo kwa miezi, wengine karibu mwaka mzima, akiruka maporomoko na kupumzika kwenye vina, huku akiishi kwa mafuta aliyojilimbikizia baharini, mpaka afike kwenye changarawe za kijito alikozaliwa na kutaga mayai. Ukimpasua tumbo wakati huo utalikuta tupu, limesinyaa. Wavuvi walibishana juu ya jambo hilo vizazi na vizazi, na mwaka 1898 mwanafiziolojia wa Edinburgh, Noël Paton, akaiwasilishia Bodi ya Uvuvi ya Skotlandi ripoti iliyozima sehemu kubwa ya ubishi huo: samaki huyu akiwa kwenye maji baridi, viungo vyake vya kusaga chakula huwa vimefunga kazi.

Na bado huuma ndoana. Si kila siku, wala si kila samaki, lakini huuma. Wapo wasemao ni hasira, kwamba anakifukuza kitu kinachompitia mbele ya pua. Wapo wasemao ni mazoea ya utotoni, maana kabla ya kwenda baharini alikulia mtoni humohumo akila wadudu. Wengine wanasema ni udadisi wa kiumbe asiye na mikono, ambaye akitaka kukijua kitu hana budi kukishika kwa mdomo. Mimi naelemea upande wa mazoea, ingawa sina cha kumfunga mdomo anayesema ni hasira. Kwa msimulizi wa historia, kikubwa ni kwamba samaki mwenye njaa humfundisha mvuvi: akikipenda chambo atakula, asipokipenda ataondoka. Samoni hafundishi. Atavipuuza vyambo vyote kwa wiki nzima, kisha jioni moja ataurukia uzi mwekundu. Ndiyo maana kwa zaidi ya miaka 500, huko Uingereza na Skotlandi, mambo ya chambo na zana za samoni yameamuliwa zaidi na binadamu: na vitabu vyao, vyeo vyao, sheria zao na shehena za meli zao.

Kitabu cha kwanza cha Kiingereza kuchapishwa juu ya uvuvi wa ndoana kilitoka mwaka 1496, katika karakana ya Wynkyn de Worde huko Westminster. Kwa mapokeo kinahesabiwa kuwa kazi ya mtawa mmoja, Juliana Berners, ingawa wanahistoria wengi wanaona shaka kama mtawa huyo alikiandika, au hata kama aliwahi kuishi. Yeyote aliyekiandika alimjua samoni. Anamtaja kuwa ndiye samaki mwenye heshima kubwa kuliko wote wa maji baridi, kisha anaonya kwamba kumpata ni kazi, kwa kuwa hukaa katikati ya mto mkubwa ambako mtu aliyesimama ukingoni hamfikii. Chambo anachokitanguliza ni nyungunyungu mwekundu, kisha funza wa kwenye samadi. Nzi bandia, yaani ndoana iliyofungwa sufu na manyoya ili ifanane na mdudu, anamtaja pia, akisema anaweza kumnasa samoni wakati samaki anaporuka, ila hilo ni nadra kuonekana.

Zana za wakati ule ilibidi mtu ajitengenezee. Kitabu kinaeleza namna ya kuchukua sindano ya kushonea, kuipasha moto hadi ilainike, kuinua kijino kwa kisu, kuipinda, kisha kuipasha tena na kuizamisha majini ili ipate ugumu. Mshipi ulisokotwa kwa singa za mkia wa farasi, nyingi zaidi kadiri samaki anayetafutwa alivyo mkubwa, na zilitiwa rangi kulingana na maji ya msimu. Mshipi huo ulifungwa moja kwa moja kwenye ncha ya ufito. Hapakuwa na gurudumu la kuukunjia. Samoni wa kilo kumi akiamua kuondoka, mvuvi alikuwa na mambo mawili: kumfuata mbio ukingoni, au kuutupa ufito mzima mtoni na kuomba Mungu uelee mahali atakapoweza kuufikia. Izaak Walton, aliyeandika kitabu maarufu kuliko vyote vya uvuvi mwaka 1653, alikuwa miongoni mwa waliounga mkono kuutupa ufito.

Tusidhani kwamba samoni walioliwa na watu wa siku hizo walivuliwa namna hiyo. Walioliwa walitoka kwenye nyavu, kwenye nyua za mawe na vijiti zilizowekwa mdomoni mwa mito, na kwenye mikuki. Kwenye mto Tweed, mpakani mwa Uingereza na Skotlandi, wanakijiji walitoka usiku na mienge, wakawachoma samaki waliozubazwa na mwanga kwa mikuki yenye meno matatu hadi matano. William Scrope, bwana mkubwa aliyekuwa akikodi maji huko, aliieleza kazi hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1843 kwa shauku ileile aliyoitumia kueleza uvuvi wa nzi, na wala hakuona haya. Haya ilikuja baadaye, na ilikuja pamoja na polisi.

Gurudumu la kukunjia mshipi lilianza kutajwa kwenye vitabu vya Kiingereza katikati ya karne ya 17. Aliyelitaja mapema zaidi ni Thomas Barker, mpishi kwa kazi, katika kijitabu cha mwaka 1651. Huyu Barker anastahili sifa kuliko anayopewa, kwani Walton alichukua mengi kwake. Katika toleo la mwaka 1657 akatoboa siri aliyokuwa ameigundua karibuni, jambo ambalo mvuvi mwenye choyo asingelifanya: mayai ya samoni ni chambo kisicho na mfano. Yeye aliyasifu hasa kwa kuvulia trauti, lakini waliomfuata hawakuishia hapo. Mayai yalitiwa chumvi, yakakaushwa, yakapondwa kuwa kinyunga, yakauzwa kwenye vyungu vidogo.

Ubora wa chambo hicho ndio ulioleta balaa. Ili kuyapata mayai ilibidi kumuua jike yuko tayari kutaga, wakati ambapo nyama yake haifai kitu. Kufikia katikati ya karne ya 19 majangili wa mito walikuwa wakivua majike majira ya vuli kwa ajili ya mayai tu, na mzoga wakiutupa. Sheria ya Uvuvi wa Samoni ya mwaka 1861 ikapiga marufuku matumizi ya mayai ya samaki kama chambo katika Uingereza na Wales, na Skotlandi ikafuata katika muongo huohuo. Hapo serikali ilikuwa imeanza kuingia ndani ya mkoba wa mvuvi na kusema hiki ndiyo, hiki hapana.

Wakati huohuo mkoba wenyewe ulikuwa unabadilika. Nzi wa zamani wa mito ya Skotlandi walikuwa wa rangi za matope na majani makavu. Kwenye mto Spey wakulima walifuga jogoo wa aina yao kwa ajili ya manyoya marefu ya kiunoni, wakayafunga juu ya sufu ya kondoo iliyotiwa rangi hafifu. Kwenye Tweed bawa lilitoka kwa bata mzinga. Vitu vyote vilipatikana uani, na samoni waliuma.

Kisha Waayalandi wakaleta rangi. William Blacker, mzaliwa wa Wicklow, alifungua duka katika mtaa wa Soho, London, na vitabu vyake vya miaka ya 1842 na 1855 vikawafundisha mabwana wa Uingereza kufunga nzi wanaong'aa kama vito. Malighafi haikuwa shida. London ilikuwa soko kuu la manyoya duniani, kwa kuwa wanawake wa mjini walivaa kofia zilizosheheni ndege, na makasha ya mbao yaliyojaa ngozi za ndege yalipakuliwa bandarini kutoka kila kona ya dola na nje yake. Yaliyobaki kutoka kwa washona kofia yakaenda kwa wafunga nzi.

Mchukue nzi mmoja tu, Jock Scott, umfungue taratibu. Inasimuliwa kwamba alibuniwa katikati ya karne hiyo na mtumishi mwenye jina hilohilo, akiwa melini kwenda Norwei na bwana wake, Lord John Scott, kuvua samoni. Mkia wake ni unyoya wa kishungi cha kuku-mwitu wa dhahabu wa China, na juu yake kipande chekundu cha ndege wa misitu ya Amerika Kusini. Kiwiliwili ni nusu hariri ya manjano, nusu hariri nyeusi, kimezungushiwa uzi wa fedha, na katikati pamewekwa manyoya ya tukani. Shingoni ni manyoya ya kanga, yenye madoa meupe ambayo kila mtu wa Afrika Mashariki anayajua. Bawa lina nyuzinyuzi za tausi, bata mzinga, tandawala na bata-maji aliyetiwa rangi, kila unyoya ukiwa umechambuliwa na kuunganishwa na mwenzake hadi uonekane mmoja. Ubavuni ni jogoo-mwitu wa India, mwenye unyoya unaometa kama umepakwa nta. Juu kabisa ni manyoya marefu ya kasuku wakubwa, bluu na manjano. Fundi mzuri alitumia saa kadhaa. Yote hayo ni ya kumwonyesha samaki ambaye, akitazama juu, anaona kivuli tu dhidi ya mbingu.

Kilele cha mtindo huo ni kitabu cha George Kelson cha mwaka 1895, chenye mamia ya mapishi ya nzi na maelekezo makali kuhusu yupi atumiwe mto gani, kwa maji gani na kwa mwanga gani. Kelson aliandika kana kwamba anaripoti sayansi. Ukikisoma leo unagundua kwamba nusu ya hoja zake haziwezi kupimwa na nusu nyingine hakuzipima. Lakini kitabu ni kizuri mno, na picha zake za rangi ziliuza ndoto kwa vizazi vitatu.

Tabaka nalo lilikuwa limeingia. Reli ilifika Aberdeen mwaka 1850, na miaka miwili baadaye milki ya Balmoral, kando ya mto Dee, ikanunuliwa kwa ajili ya familia ya Malkia Victoria. Mito ya Skotlandi ikakatwa vipande, kila kipande kikakodishwa kwa tajiri wa London au Manchester, pamoja na gili, kama Waskoti wanavyomwita mwenyeji anayemwongoza mgeni mtoni, kumbebea samaki na kumstahi hata anapokosea. Nyungunyungu aliyepewa nafasi ya kwanza mwaka 1496 sasa akawa chambo cha watu wa chini. Muungwana hutumia nzi. Hakuna samoni aliyeulizwa.

Ufito wa muungwana huyo ulikuwa na urefu wa futi 16 hadi 20, wa kushikwa kwa mikono miwili. Mbao zake zilitoka Guyana, mti mgumu wa kijani usiooza upesi, na baadaye mianzi ya kusini mwa China iliyopasuliwa vipande sita na kugundishwa, ufundi ulioanzishwa na Wamarekani na kukamilishwa na akina Hardy wa mji wa Alnwick. Mshipi wa hariri ulizamishwa kwenye mafuta ya kitani. Sehemu ya mwisho, ile inayofungwa ndoana, ilitoka Murcia, Uhispania. Huko viwavi wa hariri waliokuwa karibu kusokota vifukofuko walitumbukizwa kwenye siki, wakapasuliwa, na tezi yao ya hariri ikavutwa polepole kwa vidole viwili hadi ikawa uzi mmoja, mwangavu, urefu wa dhiraa moja au pungufu. Uzi huo ukikauka hukatika kama tambi mbichi, hivyo mvuvi aliuloweka tangu alfajiri kabla ya kutoka. Waliokodi mito walijua bei yake.

Kwenye mto Tay mambo yalikwenda tofauti kidogo. Tay ndio mto wenye maji mengi kuliko yote ya Uingereza na Skotlandi, na katika vina vyake vipana mvuvi aliyesimama ukingoni hafikii popote. Kwa hiyo walivua kwa mashua: gili anapiga makasia kulia na kushoto akiuvuka mto, akijiachia kushuka kidogo kila mara, huku fito mbili au tatu zikiwa zimelazwa nyuma na vyambo vikicheza majini. Mvuvi anakaa. Waliojiona mafundi wa nzi waliudharau uvuvi huo, wakasema anayevua hasa ni mwenye makasia. Walisema kweli, ila hawakusema kwa wema.

Mji wa Perth, ulio chini ya mto huo, ulikuwa na duka la P. D. Malloch, mtu aliyejua samoni kwa kuwashika maelfu kwa maelfu. Mwaka 1884 alitoa gurudumu linalogeuzwa ubavu wakati wa kutupa, ili mshipi uchomoke wenyewe bila gurudumu kuzunguka. Kabla ya hapo, kutupa chambo chepesi mbali ilikuwa karibu haiwezekani. Mwaka 1905 Alfred Illingworth, mtu wa viwanda vya nguo vya Bradford, akafuata wazo hilohilo kwa kuangalia bobini za viwandani, akatengeneza gurudumu lisilozunguka kabisa. Karibu kila gurudumu la bei nafuu unaloliona leo mikononi mwa mvuvi wa burudani, Mombasa au Mwanza, ni mjukuu wa lile. Sasa mtu asiye na gili wala futi 18 za mbao za Guyana aliweza kurusha kisamaki au kijiko cha bati hadi katikati ya mto.

Kijiko nacho kina kisa chake. Mmarekani Julio Buel alipata hataza ya chambo cha kijiko mwaka 1852, na husimuliwa kwamba ujanani aliangusha kijiko cha chakula ziwani akaona samaki mkubwa akikidaka kikizama. Sikiamini sana kisa hicho, ni kitamu mno. Chambo chenyewe hakihitaji kisa: kinayumba, kinametameta, na samoni hukichukia au hukipenda, vyovyote utakavyo.

Jioni ya tarehe 7 Oktoba 1922, kwenye maji ya Glendelvine ya mto Tay, karibu na kijiji cha Caputh, mzee James Ballantine alikuwa akipiga makasia. Alikuwa gili wa mwenye maji yale. Nyuma ya mashua alikaa binti yake Georgina, mwenye umri wa miaka 32, aliyekuwa muuguzi wakati wa vita kuu. Ufito wake ulikuwa na chambo cha deisi, kisamaki cha mtoni, kilichopangwa kwenye ndoana ili kizunguke kinapovutwa. Hakikuwa nzi, na hakikuwa na unyoya hata mmoja wa ng'ambo. Kiza kilikuwa kinaingia pale samaki alipokichukua.

Kwa muda hawakujua wameshika nini. Samaki alishuka na mto, mashua ikamfuata kuelekea daraja la Caputh. Walishuka ukingoni, wakarudi mashuani tena. Alilala chini kwenye kina bila kutikisika, na Georgina, mikono ikimuuma, alibaki ameinama na ufito gizani huku baba akisogeza mashua kidogo kidogo ili kumbadilishia pembe. Baada ya saa mbili na dakika chache, mzee alimchoma kwa kulabu na kumwingiza mashuani. Alikuwa na ratili 64, yaani kilo 29, na urefu wa kama sentimita 137. Hadi leo hakuna samoni mkubwa kuliko huyo aliyethibitishwa kuvuliwa kwa ufito katika Uingereza na Skotlandi. Alipelekwa hospitali ya Perth, wagonjwa na wahudumu wakamla.

Malloch walimtengeneza samaki huyo kwa plasta na kumweka dirishani mwa duka. Georgina mwenyewe alisimulia kwamba alisimama nyuma ya wazee wawili waliokuwa wakimtazama, akasikia mmoja wao akikataa katakata kwamba mwanamke angeweza kutoa samaki kama huyo majini. Aliondoka kimya, akicheka moyoni. Alifariki mwaka 1970, rekodi ikiwa bado yake.

Wakati Georgina anavua kwa deisi, upande wa kaskazini-mashariki kulikuwa na mtu aliyekuwa akiibomoa dini ya Kelson kutoka ndani. Arthur Wood alikuwa na maji ya Cairnton kwenye mto Dee. Yeye aliupaka mshipi wake wa hariri mafuta ili uelee, akafunga nzi mdogo mwenye manyoya machache, akamwacha apite polepole, kitambo kifupi chini ya uso wa maji. Mkondo ulipoanza kuuvuta mshipi, aliuinua kwa ncha ya ufito na kuulaza upande wa juu, ili nzi asiende mbio. Kazi yote ilikuwa katika mwendo. Majira ya joto, maji yakishapata nyuzi 9 hivi za Selsiasi, samoni wa Dee walikuwa wakiinuka kumchukua. Kwa maji ya baridi kali zaidi kanuni ya zamani ilibaki: chambo kikubwa, chini, taratibu.

Wood aliwapata maelfu. Rangi za nzi hazikumshughulisha. Alikuwa na aina chache mno, mmojawapo Blue Charm, ambaye mfungaji wa kawaida anammaliza kwa dakika kumi. Mwishoni alifika mahali pa kuvua kwa ndoana tupu iliyopakwa rangi nyekundu au bluu kwenye shina, bila unyoya wala uzi, na samoni wakaichukua. Alifariki mwaka 1934. Kitabu kilichoeneza njia yake kilitoka mwaka uliofuata, na mwandishi wake alijificha nyuma ya jina la bandia: Jock Scott. Sijui kama alikuwa anatania.

Kufikia hapo manyoya yenyewe yalikuwa yanaadimika. Wanawake waliokerwa na mauaji ya ndege kwa ajili ya kofia walianzisha mwaka 1889 chama kilichokuja kuwa RSPB, na kampeni yao ndefu ikazaa sheria ya mwaka 1921 iliyozuia kuingiza manyoya Uingereza. Wafunga nzi wakageukia manyoya ya kuku yaliyotiwa rangi, kisha nywele za wanyama: kindi, mbuzi, mkia wa fahali. Nailoni, iliyotangazwa na DuPont mwaka 1938, iliua kazi ya Murcia ndani ya miaka michache baada ya Vita Kuu ya Pili. Mara zikaja fito za nyuzi za kioo, na kwenye miaka ya 1970 za kaboni, nyenzo iliyokuwa imeendelezwa kwa ajili ya ndege za kivita. Baada ya vita, Aberdeen, mfungaji aitwaye Winnie Morawski alifunga nywele juu ya kimrija chembamba badala ya ndoana, ndoana ikaning'inia nyuma peke yake. Nzi wa mrija sasa yuko kwenye kila boksi.

Kamba wa baharini naye alipata umaarufu. Alichemshwa, akatiwa rangi ya zambarau au nyekundu, akachomekwa waya mgongoni, akavutwa mkia ukitangulia. Tabia yake ni ya ajabu. Siku moja samoni wa kina kizima watamvamia. Siku nyingine kina kizima kitahama, samaki wakikimbia juu na chini kana kwamba wameona fisi-maji. Wavuvi waliofuata nyuma walilalamika, na vyama vingi vikamzuia.

Ufundi wa zamani haukufa wote. Huko Sutherland, kaskazini kabisa mwa Skotlandi, kwenye nyumba ndogo inayotazama bahari karibu na Brora, Megan Boyd alifunga nzi kwa zaidi ya nusu karne. Alizaliwa mwaka 1915 Uingereza, akahamia huko utotoni baba yake alipopata kazi ya kulinda mto. Mlinzi mwenzake baba, Bob Trussler, alimfundisha kwa kumpa nzi wakubwa wa zamani awafumue uzi kwa uzi, kisha awafunge upya manyoya yaleyale kwenye ndoana ndogo zaidi. Nyumba haikuwa na umeme kwa miaka mingi, naye alifanya kazi dirishani, kwa mwanga wa mbingu ya kaskazini na taa ya mafuta. Mkuu wa Wales, ambaye sasa ni Mfalme Charles, alikuwa mteja wake. Mwaka 1971 alipewa nishani ya Dola ya Uingereza, lakini hakwenda London kuipokea: hakuwa na mtu wa kumwachia mbwa wake. Mwenyewe hakupenda kuvua. Alifariki mwaka 2001, macho yakiwa yameshamwacha muda mrefu kabla.

Kazi yake ilirithiwa na mikono iliyo mbali sana na Brora. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan alileta trauti kutoka Loch Leven, Skotlandi, akawatia kwenye mto Gura, milima ya Aberdare, Kenya. Walowezi walihitaji nzi, wakafundisha wenyeji kuwafunga, na ufundi huo ukaota mizizi hata wao walipoondoka. Leo Kenya ni moja ya nchi zinazowafungia dunia nzi. Mafundi, wanawake kwa wanaume, hukaa mbele ya kijiliwa kidogo kinachobana ndoana, uzi ukipita kati ya kidole gumba na cha shahada, wakirudia mtindo uleule kwa dazeni hadi boksi lijae. Mwenye duka la Perth huwauza mmojammoja, kwa bei ambayo fundi akiisikia atauliza mara mbili. Wengi wa mafundi hao hawajawahi kumwona samoni akiwa hai, na nzi wao wanamnasa vilevile.

Nao wale nzi wa Kelson walipata maisha ya pili, ya kustaajabisha kidogo. Kuna watu wengi duniani wanaowafunga bila nia ya kuwalowesha, kwa ajili ya fremu ukutani tu, na wanataka manyoya halisi. Usiku mmoja wa Juni 2009 kijana Mmarekani aliyekuwa akisomea filimbi London alivunja dirisha la jumba la makumbusho la Tring, akaondoka na sanduku lenye ngozi 299 za ndege, baadhi zikiwa zimekusanywa na mwanasayansi Alfred Russel Wallace mwenyewe katika karne ya 19. Aliziuza vipande vipande kwenye intaneti kwa wapenzi wa nzi wa kale. Alikamatwa mwaka 2010, akakiri, akapewa kifungo cha nje. Baadhi ya ngozi zilirudi bila vitambulisho vyake, na ngozi isiyo na kitambulisho, kwa mwanasayansi, haina kazi tena.

Mtoni kwenyewe mambo yamebadilika kwa sababu nyingine kabisa: samoni wanaisha. Mwaka 2023 idadi ya waliovuliwa kwa ufito Skotlandi ilikuwa ndogo kuliko mwaka wowote tangu kumbukumbu zianze kuwekwa 1952, na mwishoni mwa mwaka huo Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, liliwaweka samoni wa Atlantiki wa Uingereza na Skotlandi kwenye daraja la walio hatarini kutoweka. Mto Dee ulianza mwaka 1995 kuwataka wavuvi wake wawarudishe samaki majini, na sasa zaidi ya 9 kati ya 10 wanaovuliwa Skotlandi huachiwa. Kwa hiyo swali la chambo limegeuzwa. Nyungunyungu na kamba humezwa, ndoana ikaingia kooni, na samaki wa namna hiyo ukimwachia atakufa nyuma ya jiwe la kwanza. Nzi humshika pembeni mwa mdomo. Mito mingi sasa inaruhusu nzi peke yake, mwenye ndoana moja isiyo na kijino, na mabwana wa enzi ya Victoria wangefurahi kusikia hivyo, ingawa sababu si zao.

Na hata nzi ana mipaka. Majira ya joto ya miaka ya karibuni mito imepungua maji na kupata joto, na samoni aliyechoshwa kwenye maji ya nyuzi 20 mara nyingi hapati tena pumzi hata akiachiwa kwa uangalifu. Gili wa leo hubeba kipimajoto. Asubuhi anakitumbukiza kabla mgeni hajaunganisha ufito wake, na kikisoma juu ya kiwango anamwambia arudi nyumbani kunywa chai, kodi ya siku akiwa ameshailipa.